Maswali yenu: kutoka nzi wa mtoni hadi jigi za baharini

Nimezoea kufunga nzi bandia (ndoana iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu) wa kuvulia trauti kwenye mito ya Aberdare. Nimehamia Kilifi, nataka kufunga jigi, yaani ndoana zenye kichwa kizito na mkia wa manyoya, za kuvulia samaki kolekole. Je, naanza upya?

Huanzi upya. Mkono unaojua kukaza uzi bila kuukata umeshamaliza nusu ya kazi. Kinachogeuka ni uzito. Nzi hana uzito wa kujirusha, mshipi mnene ndio unaombeba hewani. Jigi yenyewe ndiyo inayouvuta mshipi hadi chini. Ulipokuwa ukifunga nzi uliogopa hata unyoya mmoja wa ziada. Hofu hiyo usiiache, maana wengi wakifika kwenye jigi hujaza manyoya kama ufagio, halafu wanashangaa mbona haizami. Acha mkia mwembamba unaocheza majini. Uzi wa nzi, hata hivyo, utakukatikia mapema. Chukua ulio mnene, ubane ndoana vizuri kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), ukaze kwa nguvu.

Kwa nini ndoana ya jigi imepinda shingo?

Imepindwa kwa pembe ya nyuzi 60 au 90 karibu na tundu la kufungia mshipi, na kichwa cha risasi (ile metali nzito na laini) husubiwa, yaani humiminwa kikiwa kimeyeyushwa, papo hapo kwenye pindo. Ikining'inia majini, uzito hukaa chini na ncha hutazama juu, kwa hiyo hainasi sana kwenye miamba. Kumbuka hili ukiwa mezani: jigi itaogelea kinyume na ilivyokaa kwenye jiliwa. Ukitaka mgongo wa rangi nyeusi, ufunge upande wa ncha.

Naweza kuyeyusha risasi jikoni?

Nakusihi usithubutu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na vumbi lake likishaingia nyumbani halionekani wala halinuki. Watoto ndio huumia zaidi, hasa ubongo. Nilipoanza nilisubia uani, chini ya kamba ya nguo za wanangu, na najuta hadi leo.

Kama ni lazima, fanyia nje mahali penye hewa, upepo ukiwa mgongoni, na uvae miwani ya kazi, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika. Kalibu, yaani chombo cha kumiminia risasi ipate umbo, iwe kavu kabisa na uipashe moto kwanza: tone moja la maji ndani ya risasi iliyoyeyuka hulipuka kuwa mvuke na kukurushia chuma cha moto usoni. Sufuria hiyo isipikiwe tena chakula. Uingereza ilipiga marufuku chubwi (vizito vya mshipi) nyingi ndogo za risasi mwaka 1987, kwa sababu bata maji walikuwa wakizimeza na kufa. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 na halina sumu hiyo, ila ni jepesi, hivyo jigi ya ukubwa uleule huzama polepole. Mimi siku hizi nanunua vichwa vilivyo tayari, nabaki na raha ya kufunga.

Sina manyoya ya mkia wa kulungu. Nitumie nini?

Mbuzi. Nywele ndefu za ndevu au mkia, zioshe kwa sabuni, zikauke vizuri. Ongeza manyoya ya shingo ya jogoo wa kienyeji. Fundo la mwisho lipake rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili.

Mbona ndoana namba 14 ni ndogo kuliko namba 10, lakini 3/0 ni kubwa kuliko 1/0?

Ndivyo zinavyohesabiwa. Namba tupu ikipanda, ndoana hupungua. Ikifuatwa na mkwaju na sifuri, hukua. Nzi wa trauti wengi ni kati ya 10 na 16. Kwa kolekole wa kawaida anza na 2/0.