Jibu: EB-2 bila shahada ya uzamili, inawezekana?

Ndugu yangu, umeuliza kama mhandisi mwenye shahada ya kwanza ya Makerere na miaka 7 ya kazi hapa Kampala anaweza kuomba EB-2, yaani viza ya ukaazi wa kudumu Marekani kwa wataalamu wenye shahada ya juu. Anaweza. Sheria inakubali shahada ya kwanza pamoja na miaka 5 ya kazi baada ya kuhitimu, mradi majukumu yawe yamekuwa yakipanda. Uhandisi wetu ni miaka 4, hapo uko salama. Wenye shahada za miaka 3 ndio husumbuka.

Kinachowaangusha wengi ni barua za waajiri. Yangu ya kwanza ilisema tu "alikuwa mchapakazi", na mhuri mkubwa chini. Haikufaa kitu. Nilirudi Jinja kuomba nyingine: tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mitambo niliyoisimamia, watu niliowaongoza. Anza kuzitafuta leo, kabla mabosi wako hawajahama.

Kwa kawaida mwajiri wa Marekani ndiye hukuombea. Ukiwa huna, soma kuhusu NIW (National Interest Waiver, msamaha wa sharti la kuwa na mwajiri): unajaza fomu ya ombi, I-140, mwenyewe, ila lazima uthibitishe kazi yako ina manufaa kwa taifa lao.