"Niazime chukudu": ni borrow au ni lend?

Swali: Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Birere, Goma, na jioni nasoma Kiingereza. Niliandika "Borrow me your chukudu" (kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), mwalimu akalikata neno la kwanza, akaandika "lend". Mbona kwetu yote ni kuazima? Na kama chukudu yenyewe nailipia, nitumie neno gani?

Jibu: Kosa lako lina sababu, na nitalitetea kwanza. Kitenzi azima kinakwenda na kurudi. "Nimeazima chukudu kwa jirani": mimi ndiye niliyepokea. "Jirani ameniazima chukudu": yeye ndiye aliyetoa. Kitenzi hakikubadilika, kinachomtaja mpokeaji ni kile kiambishi -ni- kilichojibana katikati. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kikagawa kazi kwa maneno mawili: borrow ni la anayepokea, lend ni la anayetoa. Ukisema "niazime" unamwomba jirani atoe, basi andika "lend me". Na kwa kuwa umepita shule ya Kifaransa, njia yako ni nyepesi: penye prêter weka lend, penye emprunter weka borrow.

Ila usije ukadhani Kiswahili ni maskini hapa. Kinatenganisha mahali ambapo Kiingereza hakitenganishi. Ukichukua sufuria kwa mama jirani, umeazima, maana jioni utamrudishia sufuria ile ile. Ukichukua bakuli la unga wa muhogo, huo haurudi tena; umeshakuwa bugali, watoto wamekula. Utampelekea unga mwingine, bakuli kwa bakuli. Huko ni kukopa. Pesa nazo ni hivyo hivyo: noti ya franka 5,000 utakayolipa siyo ile uliyopewa. Mwingereza atasema borrow kwa sufuria, kwa unga na kwa pesa, asione tofauti. Na kwenye kukopa, Kiswahili hakichanganyi pande mbili: mpokeaji anakopa, mtoaji anakopesha.

Siku hizi nasikia sana "niazime dola 10". Naelewa, ni adabu. Neno kopa linanukia deni, na mtu anaona haya kulitamka mbele ya rafiki. Hata hivyo mimi bado nasema "nikopeshe", kwa sababu linamweleza mwenye pesa kweli yote: noti yake inaondoka, itarudi nyingine.

Chukudu ya kulipia hujaiazima, umeikodi. Kwa Kiingereza ni rent, na hapo Kiingereza chenyewe kinaingia katika shida ile uliyokuwa nayo: rent hutumika kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba pia, mpaka waongeze out kwa mwenye nyumba ili ajulikane. Kwetu hakuna mashaka. Wewe umekodi chukudu, mwenyewe amekukodisha.