Muulize Fundi: Thumuni Tano Ni Mstari Upi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina miezi minne tangu nianze kujifunza useremala. Mwalimu wangu akisema "thelathini na tano na thumuni tano", yaani inchi 35 na 5/8, mimi nabaki nahesabu vistari mpaka penseli inaniponyoka. Juzi alinipa ubao wa urefu huohuo, akaniambia nitafute kati. Nikatoa simu, nikapata 17.8125. Sasa 17.8125 kwenye futi yangu ya kupimia iko wapi? Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. – Mwanagenzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naye alichekwa zamani, usimwogope. Simu yako haikukosea, ila futi ya inchi haijui mambo ya kumi. Yenyewe inajua kukata nusu tu. Inchi imekatwa nusu, nusu ikakatwa ikawa robo, robo ikawa thumuni, na thumuni ikakatwa tena, ndipo inchi moja ikawa na vyumba 16. Mistari inafupika kwa mpangilio huohuo: wa nusu ni mrefu, wa robo umepungua kidogo, na ule mfupi kabisa ni nusu thumuni.

Kwa hiyo acha kuhesabu kuanzia sifuri. Rukia mstari mrefu ulio karibu, kisha songa. Thumuni tano ni nusu na thumuni moja mbele. Thumuni saba ni inchi kasoro thumuni. Kumi na tatu ya kumi na sita, inayotisha ikiandikwa, ni robo tatu na kistari kimoja kifupi, basi.

Na hiyo ndiyo 17.8125 yako. Kupata nusu ya sehemu, ya juu iache, ya chini izidishe mara mbili: nusu ya 5/8 ni 5/16. Kama inchi kamili ni shufwa, tuseme 34, nusu yake ni 17 na kazi imekwisha: 17 na 5/16. Kama ni witiri, kama hiyo 35 yako, inabaki nusu inchi inayotafuta pa kukaa. Hapo jumlisha ya juu na ya chini, 5 na 8 ni 13, chini weka 16. Jibu ni 17 na 13/16.

Nikwambie siri lakini: mimi nikitafuta kati sipigi hesabu. Ubao huo ningepima 17 na robo tatu kutoka kushoto, nipige alama. Kisha 17 na robo tatu kutoka kulia, alama nyingine. Alama hizo zitaachana kwa thumuni moja, na katikati ya thumuni moja jicho linapaona.

SWALI: Kulabu ya mwanzo wa futi yangu inacheza. Niigonge ikaze?

JIBU: Usithubutu! Imeachwa icheze kwa makusudi, na inacheza kiasi cha unene wake yenyewe. Ukiikwaza ukingoni inavutika nje, ukiisukumiza ukutani inarudi ndani, na kote unapata kipimo sahihi. Mimi niliwahi kuigonga ya kwangu ikiwa imevutika nje, nikajiona mjanja. Kisha nikapima ndani ya kabati na kukata rafu sita. Zote zikawa fupi kwa unene wa kile kibati, zikilia kwa-kwa-kwa kila ukigusa mlango.

SWALI: Ubao wangu una upana wa inchi 7 na 3/8. Nilitaka papi tano zilizo sawa, nikachora mistari minne kwa uangalifu, nikapasua. Ya kwanza ilitoka kamili, nne zilizofuata nyembamba. Mistari niliipima mara tatu.

JIBU: Mistari haina kosa. Ulisahau kwamba msumeno nao unakula. Pima njia inayoachwa na meno yake kwenye kipande cha taka. Msumeno wa mashine mara nyingi huacha karibu thumuni moja. Papi tano ni mipasuo minne, thumuni nne, yaani nusu inchi imegeuka vumbi, na kila mpasuo umekula thumuni ya papi inayofuata.

Toa kwanza hiyo nusu inchi, zinabaki 6 na 7/8. Sasa usihangaike na desimali, zivunje zote ziwe thumuni: sita mara nane ni 48, ongeza saba, 55. Gawa kwa tano, 11. Kila papi ni thumuni 11, inchi moja na 3/8. Pasua ya kwanza, ndipo upime ya pili kutoka kwenye ukingo mpya.

Ingekuwa ni kuchora tu bila kupasua, ningekuambia uilaze futi mshazari: sifuri kwenye ukingo mmoja, 10 kwenye ukingo wa pili, kisha alama kwenye 2, 4, 6 na 8.