Watoto wavae nini Materuni
Dada uliyeuliza watoto wavae nini kwenye maporomoko ya maji ya Materuni, kule juu ya Moshi, wasilowe, kulowa watalowa tu, yale maporomoko yanashuka mita 80 hivi na manyunyu yanakufata hata ukisimama pembeni, cha maana wasikae na nguo mbichi. Jinzi usiwavalishe kabisa!! ikishika maji inakuwa nzito na haikauki na kule juu kuna baridi, wavalishe bukta na jezi za mpira wa miguu zinakauka haraka. Sweta na soksi kavu weka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, maana rambo zimepigwa marufuku toka 2019, simu nayo humohumo. Sendozi za kufunga nyuma, ndala kwenye tope zitawaangusha. Wakitoka majini wabadilishe palepale jamani, msisubiri mpaka Moshi mjini, haswa huyo mdogo uliyesema ana kifua.