Saa ya Kwanza Baada ya Mtoto Kulia: Kwa Wakunga Wanaoanza Kazi

Ninyi mnaoanza zamu katika chumba cha kujifungulia mmefundishwa mengi kuhusu uchungu. Mimi nataka kuzungumzia saa inayofuata baada ya mtoto kulia, kwa sababu uzembe mwingi niliouona katika miaka yangu ya ukunga ulitokea wakati watu wote chumbani walikuwa wamemgeukia mtoto, na mama amebaki kitandani hana anayemwangalia.

Damu inayovuja polepole hunywewa na shuka na kujikusanya chini ya mgongo, na mama aliyefunikwa vizuri huonekana amepitiwa na usingizi. Funua shuka. Pitisha mkono chini ya kiuno chake, kisha ushike tumbo uhakikishe mji wa mimba umekaza, na urudie hivyo kila baada ya dakika 15. Usitulizwe na shinikizo la damu lililo sawa, maana mwili wa mwanamke kijana hulishikilia hadi damu nyingi imekwisha kupotea. Mara nyingi mapigo ya moyo yanayokwenda mbio ndiyo hutangulia kutoa habari. Utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba damu ilipokingwa kwenye mfuko wenye alama za vipimo, wanawake 93 kati ya kila 100 waliovuja damu kupita kiasi walitambuliwa mapema, ilhali kwa utaratibu wa kawaida walitambuliwa 51 tu. Hata hao wa utaratibu wa kawaida walikuwa wakihudumiwa na wakunga wanaoijua kazi yao. Basi pima; usikisie.

Jambo la pili ni msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, na hapa nina deni. Nikiwa bado mgeni kazini nilimshona mama mmoja haraka, taa ikiwa hafifu na mwingine akiniita kitanda cha pili, nikaandika kwamba mchaniko ulikuwa mdogo. Wiki sita baadaye alirudi, akasubiri hadi wenzake wote wametoka, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hawezi kuzuia haja kubwa. Alikuwa ameacha kwenda kokote kwenye watu. "Nilidhani ndivyo uzazi ulivyo," alisema. Msuli wa njia ya haja kubwa ulikuwa umechanika, nami sikuutafuta. Kuutafuta kungenichukua dakika chache: kumweleza mama ninachotaka kufanya, kupata ridhaa yake, kuvuta taa karibu, na kupima kwa kidole njia hiyo kabla na baada ya kushona. Mchaniko uliofika kwenye msuli huo hushonwa na aliyefunzwa kuushona, mama akiwa amepata ganzi ya kutosha. Kama si wewe, mwite. Na mama akisema anasikia maumivu ya sindano, simamisha mkono wako.

Si kila jeraha la uzazi ni uzembe. Msamba huweza kuchanika hata mkunga akiwa hodari, na wapo wanaovuja damu ijapokuwa wamepewa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, kwa wakati. Uzembe huanza pale mtaalamu anapoacha kufanya ambalo mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida angelifanya mahali pale, na mama akaumia kwa sababu hiyo. Zamu yenye wakunga wachache hueleza mengi, nami nimewahi kuwa peke yangu na wazazi wengi kuliko mikono yangu; ndiyo maana upungufu huo uripotiwe kwa maandishi kabla mtu hajaumia.

Katika faili andika ulichokiona na saa ulipokiona. Usijaze vipimo ambavyo hukuvichukua, hata msimamizi akikuhimiza karatasi ikamilike, kwa kuwa atakayepokea zamu atamtibu mama kwa kuziamini namba hizo.

Na jeraha likitokea, mwambie mama mwenyewe, siku hiyohiyo, umeketi karibu naye: nini kimechanika, kimeshonwaje, dalili zipi zimrudishe hospitali mara moja, na kwamba asione haya kuzitaja.