Jibu: Wolai hawagusi chambo mchana, paiki wanakata mshipi

Salaam ndugu. Unasema Julai hii huko Minnesota, Marekani, wolai (samaki wa maji baridi, walleye kwa Kiingereza) hawagusi chambo mchana, na paiki (samaki mrefu mla samaki wenzake, pike kwa Kiingereza) wanakukatia mshipi.

Angalia kwanza saa. Macho ya wolai yanaona vizuri kwenye mwanga hafifu, kwa hiyo jua kali huwapeleka kilindini. Mimi huwatafuta jua likizama, pale majani ya majini yanapoishia: ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi, chambo chake ruba hai, naivuta polepole karibu na chini. Ukihisi uzito tu, inua fimbo.

Paiki ana meno makali, nailoni haimwezi. Funga waya wa sentimita 25 hivi mbele ya chambo, kisha rusha kijiko cha bati, yaani chambo bandia chenye umbo la kijiko, chekundu na cheupe, kandokando ya majani. Ziwa lako lina kina gani?