Bibi ana miaka 78 na saratani ya titi: msihesabu miaka peke yake

Pole sana ndugu yangu, wewe na familia nzima. Umesema bibi yenu wa Muheza ana miaka 78, kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye titi kimethibitisha saratani, dokta amegusia kemo (dawa kali za saratani, mara nyingi kwa dripu), na wajomba wanasema aachwe apumzike maana umri umekwenda. Unauliza kama mzee wa umri huo anaweza kuhimili.

Mimi nimemuuguza mama mkubwa hapa Tanga, nyumbani Makorora, ugonjwa huohuo, akiwa na miaka 76. Naomba wajomba wasikie hili: miaka peke yake haijibu swali lenu. Kliniki tulikuwa tunakaa benchi moja na baba mmoja wa Pongwe mwenye miaka 67. Kwa karatasi yeye ndiye kijana. Lakini kuinuka lazima ashikwe kwapa, suruali kaifunga kamba kwa jinsi alivyokonda, na mfuko wa rambo umejaa dawa za presha, sukari na maumivu ambazo hata mwanawe hakujua ipi ni ya asubuhi. Mama mkubwa alikuwa bado anachoma vitumbua alfajiri na anakumbuka kila anayemdai bila kuandika popote. Ukiwapa hawa wawili dozi moja, utamwumiza mmoja wao.

Ndiyo maana wataalamu wa saratani wana tathmini maalumu ya wazee. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2018 na kuuboresha 2023: mwenye miaka 65 na zaidi afanyiwe tathmini hiyo kabla ya kuanzishiwa dawa. Wanaangalia anavyojihudumia, kama huanguka, magonjwa mengine, dawa anazomeza, kumbukumbu, huzuni, lishe na watu wanaomtunza. Na si makaratasi ya bure. Utafiti mmoja wa huko uliotoka 2021 ulifuatilia wagonjwa 718 wenye miaka 70 kwenda juu. Pale daktari alipopewa matokeo ya tathmini, waliopata madhara makali ya dawa walikuwa asilimia 51. Pale ambapo hakupewa, asilimia 71. Kundi lile la kwanza wengi zaidi walianzishiwa dozi ya chini, na hata hivyo waliokuwa hai baada ya miezi sita hawakutofautiana kwa maana kati ya makundi hayo mawili.

Sasa tatizo letu. Maswali hayo yametungwa kwa maisha ya kwao. Wanauliza kama mzee anapiga simu mwenyewe, anasimamia fedha zake, anakwenda dukani. Bibi ambaye simu hupigiwa na wajukuu tangu zamani ataonekana hajiwezi kumbe anajiweza sana. Ninyi mwambieni dokta mambo ya Muheza: anachuchumaa chooni na kuinuka bila kushika ukuta? Anabeba ndoo ya maji au ameacha, na ameacha lini? Bado anakwenda misibani? Hata kipimo cha kumbukumbu cha kuchora saa kinamwonea mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kinachotumia njiti za kiberiti, mzee anapanga umbo kama alivyoonyeshwa. Hiyo ni haki zaidi kwa wazee wetu, na natamani kila kliniki ya saratani nchini iwe nayo.

Jambo jingine, usitegemee majibu ya bibi mwenyewe mbele ya dokta na wajomba. Akiulizwa hali atasema hajambo, anamshukuru Mungu. Mwulize anayelala naye chumba kimoja. Kwetu ni mjukuu wa darasa la sita aliyesema kwamba bibi yake, yaani mama mkubwa, akiamka usiku hupapasa ukuta mpaka mlangoni, na kwamba aliwahi kudondoka uani akamkataza asiseme. Kuanguka ndani ya miezi sita, kutosikia vizuri, kuhitaji msaada wa kumeza dawa: haya nayo husaidia kutabiri madhara ya kemo, si tarehe ya kuzaliwa peke yake. Nyumbani mnaweza kumpima hivi: akae kwenye kiti, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Ikifika sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka, mwambieni dokta.

Dawa zote zitieni kwenye mfuko mmoja mwende nazo, pamoja na za mitishamba, bila kuona haya. Diklofenaki ya dukani, ile ya magoti, huumiza figo. Na mzee mwembamba anaweza kuwa na kreatinini (kipimo cha damu cha figo) inayoonekana nzuri kwa sababu tu misuli imekwisha, kwa hiyo ombeni utendaji wa figo ukokotolewe kwa umri na uzito wake. Dawa za presha nazo ziangaliwe upya: akitapika au kuharisha baada ya dripu, presha inashuka na anaanguka. Kama Ramadhani iko karibu, lizungumzeni mapema, maana wazee hufunga kimyakimya.

Mama mkubwa aliwekwa kwenye dozi ndogo za kila wiki badala ya kubwa ya kila wiki tatu. Ilimletea ganzi ya nyayo, tukafunga bomba la kushikia bafuni. Baba wa Pongwe yeye dripu ziliahirishwa, wakaanza na lishe na maumivu.

Gharama: mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya matibabu bure hospitali za serikali, nendeni dirisha la wazee na ofisi ya ustawi wa jamii mapema. Mkipewa rufaa ya Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, amueni kwanza nani atakaa naye Dar, kwa sababu mionzi hutolewa karibu kila siku kwa wiki kadhaa.

Na mwambieni bibi ugonjwa wake, kisha mumuulize anataka nini. Mwisho, ulizeni majibu ya vipokezi vya homoni, kipimo cha kinyama kinachoonyesha kama saratani inakuzwa na homoni. Kwa wanawake wa umri wake mara nyingi huwa chanya, na hapo kuna tiba ya vidonge kama tamoksifeni ambayo inaweza kubadilisha kabisa mjadala wa kemo. Yakitoka yaandike hapahapa, nitakueleza tulivyoishi na vidonge hivyo.